Ekseli ya nyuma ya gari la dragi: Ford 8.8, GM bolti 12, Ford inchi 9 au Dana 60?

Kwenye mbio za dragi, yaani magari kushindana robo maili (mita 400 hivi) kwa mstari ulionyooka, wanunuzi wengi wa ekseli ya nyuma huanza kwa kuuliza ekseli fulani inabeba nguvu farasi ngapi. Ni swali baya, kwa sababu kinachovunja ekseli ni mshtuko wa kuondoka kwenye mstari. Gari la nguvu farasi 800 ambalo tairi zake zinateleza mita 20 za kwanza linaweza kumaliza msimu na ekseli ya kiwandani. Gari la nguvu farasi 450 lenye klachi ya mguu, tairi laini za mbio na uzito wa kilo 1,600 linaweza kukata shafti (fito ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu) siku ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majina, andika mambo manne: uzito wa gari likiwa na dereva, aina ya tairi, aina ya gia boksi, na uwiano wa gia ya kwanza. Halafu piga hesabu hii. Injini yenye Nm 600 (nguvu ya kusokota), konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi ya otomatiki) inayozidisha mara 2 wakati wa kuondoka, gia ya kwanza ya 2.48 na krauni (gia kubwa ndani ya ekseli, inayozungushwa na gia ndogo iitwayo pinioni) ya uwiano wa 4.10:

600 × 2 × 2.48 = Nm 2,976 kwenye pinioni
2,976 × 4.10 = karibu Nm 12,200 kwenye shafti mbili kwa pamoja

Badilisha gia boksi uweke Powerglide (otomatiki ya GM ya gia mbili) yenye gia ya kwanza ya 1.76, mengine yote yabaki vilevile. Pinioni sasa inapata Nm 2,112 na shafti zinagawana Nm 8,660 hivi. Injini ni ileile, ila mzigo wa ekseli umepungua kwa karibu theluthi moja.

Upande wa pili wa hesabu ni tairi, maana ekseli haiwezi kubebeshwa zaidi ya kile ambacho tairi inakishika. Chukua gari la kilo 1,400 ambalo wakati wa kuondoka uzito wake wote umelala nyuma, tairi ya kipenyo cha mm 711 (inchi 28), na mshiko wa 1.5: 1,400 × 9.81 × 1.5 × 0.355 = Nm 7,300 hivi. Hapo ndipo tairi itakapoteleza, hata injini ikiwa na uwezo wa kutoa zaidi. Ndiyo maana mtu akihama kutoka tairi za barabarani kwenda tairi za mbio huvunja vitu ambavyo vilikuwa vizima kwa miaka, ingawa injini hajaigusa.

Ekseli nzuri ni ile ndogo na nyepesi kuliko zote ambayo bado inahimili mzigo huo. Kila ukubwa unaozidi hapo unaulipia kwa uzito, na mara nyingine kwa nguvu inayoishia kupasha mafuta joto.

Zikiwekwa pamoja

| | Ford 8.8 | GM bolti 12 (gari dogo) | Ford inchi 9 | Dana 60 |
|---|---|---|---|---|
| Kipenyo cha krauni | inchi 8.8 (mm 224) | inchi 8.875 (mm 225) | inchi 9 (mm 229) | inchi 9.75 (mm 248) |
| Pinioni iko chini ya kitovu cha krauni kwa | inchi 1.5 hivi | inchi 1.5 hivi | zaidi ya inchi 2.2 | inchi 1.125 |
| Beringi za pinioni | 2 | 2 | 3 | 2 |
| Shafti inashikwa na | klipu ya C ndani ya difu | klipu ya C ndani ya difu | bamba mwisho wa kasha | bamba, kwa zile za magari madogo |
| Kufikia krauni | kifuniko cha nyuma | kifuniko cha nyuma | kichwa chote hutolewa kwa mbele | kifuniko cha nyuma |
| Mpaka wa kibebeo | hakuna | 3.73 na 3.90 | hakuna | 4.10 na 4.56 |

Mstari wa mwisho huwaponza wengi. Kibebeo ni kile kipande ambacho krauni hufungwa juu yake, na mpaka wake ni mahali ambapo uwiano ukivuka, kibebeo nacho hubadilika. Kwenye bolti 12, kibebeo cha 3.73 hakikubali krauni ya kawaida ya 4.10, kwa sababu pinioni ya 4.10 ni nyembamba na krauni inabaki mbali nayo. Utahitaji kibebeo kingine au krauni nene iliyotengenezwa kuziba pengo hilo. Ukinunua spuli (kipande kinachofunga magurudumu mawili pamoja) au difu (inayoyaruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti) kabla hujaamua uwiano, unaweza kujikuta unanunua mara mbili.

Ford inchi 9

Ilitengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986, na leo kila kipande chake, kuanzia kasha hadi nati, kinapatikana kipya kutoka kwa watengenezaji wa vipuri vya mbio. Sababu kubwa ya kupendwa kwake ni kichwa kinachotoka. Unavuta shafti mbili, unaondoa propela shafti, unafungua nati 10, na difu nzima inatoka ikiwa na krauni na pinioni zake. Mwenye vichwa viwili vilivyopimwa tayari hubadilisha kutoka 4.11 hadi 4.57 katikati ya mashindano bila kugusa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) hata moja.

Nguvu yake inatokana na mambo mawili. Pinioni imeshuka sana chini ya kitovu cha krauni, hivyo meno yanagusana kwa urefu zaidi. Pia ncha ya pinioni imeshikwa na beringi ya tatu, kwa hiyo haijisukumi mbali na krauni mzigo unapoingia.

Lakini kushuka huko kuna bei yake. Pinioni inapokuwa mbali na kitovu, meno yake husuguana kwa kuteleza badala ya kubingirika, na msuguano huo unageuka joto. Ndiyo sababu inchi 9 hula nguvu kidogo zaidi kuliko bolti 12 na Dana 60. Kiasi chenyewe hutegemea mafuta, uwiano na upimaji, lakini tuseme ni asilimia 2, tuone inamaanisha nini. Muda wa robo maili hubadilika takriban kwa kipeo cha theluthi moja (yaani kipeuo cha tatu) cha uzito ukigawanywa kwa nguvu. Asilimia 2 ya nguvu kwenye gari la sekunde 10.50 ni kama sekunde 0.07. Kwa anayeshindana katika daraja la muda uliotangazwa (dereva hutaja muda wake mapema na lengo ni kuukaribia), hiyo si kitu, mradi gari lirudie muda uleule kila mara. Kwa anayetafuta rekodi ya daraja lenye kikomo cha injini, ni nyingi.

Udhaifu wa inchi 9 ya kiwandani uko kwenye kichwa cha chuma cha kawaida, ambacho hupasuka pale beringi ndogo ya ncha inapokaa, na kwenye pinioni yenye splaini (mifereji ya meno mwishoni mwa shafti) 28. Ukijenga kwa ajili ya mbio, anza na kichwa cha chuma cha nodula, kishikizo cha pinioni chenye beringi kubwa, na pinioni ya splaini 35. Kichwa cha alumini hupunguza kilo kadhaa, ila hutanuka kikipata joto na mchezo wa meno (nafasi iliyo kati ya meno yanayogusana) huongezeka. Kwa gari linalotembea pia barabarani kwa saa nzima, mimi nisingekichagua.

GM bolti 12

Hii ni ekseli ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na kasha zake mpya bado zinatengenezwa. Kwa ufanisi ina nafasi nzuri: pinioni haikushuka sana, krauni si kubwa kupita kiasi, na uzito ni wa wastani. Kwa gari la kilo 1,300 hadi 1,500 lenye gia boksi ya otomatiki na tairi za mbio za upana wa wastani, hii ndiyo ningeitaja kwanza kama ufanisi ndio unaotafutwa.

Kasoro yake kubwa ni klipu za C. Shafti inashikwa na klipu ndogo iliyo ndani ya difu, kwa hiyo shafti ikikatika, tairi hutoka nje pamoja na kipande cha shafti na breki yake. Hili si jambo la kubahatisha nalo. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zinadai shafti zisizo za kiwandani pamoja na kizuizi cha shafti kwa gari lolote linalokimbia robo maili kwa sekunde 10.99 au chini ya hapo, na pia kwa gari lolote lenye difu iliyofungwa. Vifaa vya kuondoa klipu vinavyofungwa kwa bolti vinafanya kazi, lakini vikitumika barabarani huwa vinavuja mafuta kwenye kona. Suluhisho safi ni kukata ncha za kasha na kuchomelea ncha za Ford za beringi kubwa (inchi 3.150), kisha kuagiza shafti za kipimo hicho.

La pili ni kunyumbuka kwa kasha. Mzigo mkubwa husukuma vifuniko vya beringi za pembeni kwenda nyuma, krauni inajitenga na pinioni, na meno yanabeba mzigo kwenye ncha tu hadi yanameguka. Kifuniko cha alumini kilicho na bolti mbili za kusukuma vifuniko vya beringi hupunguza tatizo hili. Bolti hizo zikazwe kidogo tu, hadi ziguse na kubana. Ukizivuta kwa nguvu unabana beringi zenyewe.

Ford 8.8

Kwa bei ya kuanzia hakuna inayoishinda, na pinioni yake imeshuka kama ya bolti 12, kwa hiyo haili nguvu nyingi. Ina magonjwa yaleyale ya klipu za C na kasha linalonyumbuka, pamoja na moja la kwake: mirija iliyoshindiliwa kwenye kichwa cha chuma cha kusubu huweza kuzunguka gari linapoondoka kwa nguvu. Dalili yake ni pembe ya pinioni inayobadilika bila wewe kugusa kitu. Chora mstari wa rangi unaovuka mrija na kichwa; mstari ukikatika, mrija umezunguka.

Dawa ni kuchomelea mirija mzunguko mzima. Chuma cha kusubu kipashwe joto kwanza, tumia fito za nikeli, chomelea vipande vya mm 25 hivi kwa kubadilisha pande, kisha acha kipoe polepole chini ya blanketi la kuzuia joto. Ukichomelea mfululizo, mrija utapinda, na hilo lina gharama nitakayoieleza hapa chini. Ukishachomelea, ukaweka ncha mpya, shafti za splaini 31 na kifuniko cha kuimarisha, jumlisha gharama. Mara nyingi utakuta umefika karibu na bei ya kasha jipya la inchi 9. Ni chaguo zuri kwa gari jepesi la otomatiki ambalo tayari limezaliwa nayo, si kwa anayeanza kutafuta ekseli mkononi mtupu.

Dana 60

Hapa kuna jambo linalowashangaza watu: ekseli nzito kuliko zote ndiyo yenye pinioni iliyokaribia zaidi kitovu cha krauni, kwa hiyo msuguano wa meno yake ni mdogo. Inachopoteza ni uzito. Ikiongeza kilo 20 kwenye gari la kilo 1,400, hesabu ileile ya kipeo cha theluthi inatoa hasara ya sekunde 0.05 hivi, na hapo hujahesabu kwamba uzito huo hauko juu ya springi na sehemu yake inazunguka. Kwa maneno mengine, faida ya meno na hasara ya uzito zinakaribia kufutana.

Inakuwa na maana kwa gari zito, la kilo 1,600 na zaidi, lenye klachi ya mguu. Klachi ikiachiwa kwenye mizunguko 6,000, pinioni hupigwa kama kwa nyundo, na hapo krauni ya inchi 9.75 inalipa uzito wake. Kuipima si kazi ya haraka: beringi za pembeni hukaa na shimu, wengi hutumia kifaa cha kutanua kasha ili kutoa kibebeo, na kubadilisha uwiano uwanjani ni kujitesa.

Kuhusu nyingine: Chrysler 8¾ ya 1957 hadi 1974 ina kichwa kinachotoka kama Ford inchi 9 na ni nzuri kwa gari lililozaliwa nayo, ila uchaguzi wa vipuri ni mdogo. GM bolti 10 ya inchi 7.5 usiiwekee pesa hata kidogo. Ekseli za kila gurudumu kujitegemea zina shafti zenye viungo na tabia ya kurukaruka gari linapoondoka. Ziache kama lengo ni robo maili tu.

Shafti na chuma cha krauni

Nguvu ya shafti dhidi ya kusokotwa hupanda kwa kipenyo kipeo cha tatu (kipenyo × kipenyo × kipenyo). Splaini 28 ni inchi 1.20 hivi, 31 ni 1.32, 35 ni 1.50. Kutoka 31 kwenda 35 unapata karibu asilimia 47 zaidi. Kutoka 28 kwenda 35 ni karibu mara mbili. Splaini 40 ni za magari mazito yenye nguvu za kutisha, na wengi wanaozinunua hawazihitaji. Shafti iliyotobolewa katikati hupunguza uzito bila kupoteza nguvu nyingi, kwa kuwa chuma cha kiini hakibebi mzigo mkubwa.

Ikague kila mwezi wa mbio. Piga mstari ulionyooka kwa rangi kutoka kwenye splaini hadi kwenye flanji. Mstari ukianza kujipinda na usirudi, shafti imechoka. Usisubiri ikatike.

Krauni za mbio tupu hutengenezwa kwa chuma cha 9310, ambacho kinanyumbuka kidogo na kumeza mshtuko. Za barabarani ni 8620, ngumu juu na zinadumu. Ukiweka 9310 kwenye gari la kila siku, meno yatalika mapema. Ukiweka 8620 kwenye gari zito lenye klachi, jino litameguka bila onyo.

Spuli au difu

Spuli ni kipande kimoja kinachofunga magurudumu yote mawili. Ni nyepesi, haina cha kuvunjika, haihitaji kiongezeo kwenye mafuta, na huzungusha magurudumu yote mawili kwa kasi ileile. Kwa gari la uwanjani tu, hakuna mjadala. Barabarani kila kona husokota shafti na kukwaruza tairi, na uchovu huo hukaa ndani ya chuma hadi siku ya mbio. Gari linalofanya kazi zote mbili liwekewe difu ya klachi au ya gia za heliko. Ile ya gia haina sahani za kuchakaa, lakini gurudumu moja likining'inia hewani huanza kuzunguka bure. Spuli ndogo, inayoingia ndani ya kibebeo cha kiwandani, iepuke: kibebeo kilekile dhaifu kinabaki kubeba mzigo wote.

Uwiano

Fomula ni: mizunguko ya injini = 5.3 × kasi (km/h) × uwiano ÷ kipenyo cha tairi (m), gia ya mwisho ikiwa 1:1. Gari linalovuka mstari kwa km/h 200 kwenye tairi ya m 0.711 litakuwa na:

3.73: mizunguko 5,560 hivi
4.10: mizunguko 6,110 hivi
4.56: mizunguko 6,800 hivi

Ongeza asilimia 5 hivi kwa ajili ya konveta inayoteleza. Chagua uwiano unaovusha mstari injini ikiwa juu kidogo ya kilele cha nguvu zake. Kupanda zaidi hakukupi kitu ila pinioni nyembamba na msuguano zaidi.

Nguvu inayopotea bila kosa la ekseli

Watu hubishana kuhusu asilimia 2 za inchi 9 huku kasha limepinda na breki zinashika. Baada ya kuchomelea mabano yoyote, pitisha fito iliyonyooka ndani ya mirija, ikiwa na vishikizo kwenye makao ya beringi. Fito ikikwama, kasha limepinda, na shafti itazunguka ikijinyonga muda wote. Gari likiwa juu ya vigingi, gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono. Liende kwa ulaini mmoja mzunguko mzima. Likiwa jepesi sehemu moja na zito sehemu nyingine, shafti au kasha si nyofu. Likiwa zito kote, angalia breki kwanza, kisha mkazo wa beringi.

Kwenye pinioni tumia bomba gumu lenye shimu badala ya lile linalobonyea, maana linalobonyea huendelea kubonyea kila gari linapoondoka na mkazo hupotea. Mchezo wa meno kwa krauni nyingi ni mm 0.15 hadi 0.25, lakini namba iliyochorwa kwenye krauni yenyewe ndiyo ya kufuata. Pima sehemu nne za mzunguko. Tofauti ikizidi mm 0.05, krauni haijakaa sawa, mara nyingi kwa sababu ya uchafu chini yake.

Pembe ya pinioni: springi za mabapa huhitaji pua ishuke nyuzi 5 hadi 7 dhidi ya propela shafti, kwa kuwa hujisokota sana; ekseli iliyoshikwa kwa mikono minne badala ya springi hizo hutosheka na nyuzi 2 hadi 3. Pembe kubwa kuliko inavyohitajika hula nguvu kwenye viungo.

Mafuta yawe hadi ukingo wa tundu, yasizidi. Krauni inayokoroga mafuta mengi ni hasara tupu. Anza na mafuta ya madini ya 85W-140. Tembeza gari taratibu dakika 15 hadi 20, liache lipoe kabisa, rudia mara mbili, kisha mwaga. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Chembe zinazong'aa kama mchanga zinamaanisha ufungue tena uangalie alama za mguso kabla ya kuweka mafuta ya sintetiki ya 75W-90 na kwenda uwanjani.